Mume wangu kastaafu, sasa anataka tukazurure miezi mitano

SWALI

Shangazi, shikamoo. Huenda umri wetu haupishani sana, lakini kwa leo nikubalie niwe mtoto.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 56, naishi Kihonda hapa Morogoro. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa bwana shamba wa serikali, na mwaka jana alitimiza 60. Tulifunga ndoa 1992. Najua utasema hongera, miaka 33 si mchezo. Ngoja kwanza. Ndoa ilikuwa na miaka miwili tu alipopata uhamisho wa kwenda Newala, nikabaki na shule na mtoto mchanga. Baadaye ikawa Tunduru, ikaja Sumbawanga, ikaja Mpanda, halafu Sumbawanga tena. Kila mara tulisema nitaomba uhamisho nimfuate, na kila mara kikazuka kitu: mtoto yuko darasa la saba, nyumba ndiyo kwanza imefika kwenye lenta, mama anaumwa. Yeye alikuja Pasaka, Krismasi na likizo ya mwaka. Juzi nimekaa na karatasi nikapiga hesabu. Siku tulizolala nyumba moja, ukizijumlisha zote, hazijafika miaka saba.

Sasa amerudi moja kwa moja. Shangazi, sitaki kumsema vibaya. Hanywi, hapigi, si mtu wa wanawake, au kama alikuwa basi alikuwa kule kule. Lakini anaamka saa kumi alfajiri na kufungulia redio. Kopo la sukari kalihamisha, eti karibu na jiko linaingiwa na unyevu. Geti analifunga saa moja jioni. Nikivaa viatu ananiuliza naenda wapi. Haulizi kwa ubaya, ila mimi swali hilo sijaulizwa na mtu tangu 1994.

Mwezi uliopita alitoa kaunta buku. Humo amepanga safari, na anasema amekuwa akiipanga tangu yuko Mpanda. Baba yake alikuwa kibarua wa Reli ya Uhuru wakati inachimbwa milimani huko mbele ya Mlimba, na yeye tangu utoto alitaka aifuate ile reli mpaka inapoishia. Basi tupande TAZARA Ifakara, tupite Mbeya, tufike Kapiri Mposhi kule Zambia, Lusaka, Livingstone, tuvuke upande wa Zimbabwe, Bulawayo, turudi Kasane na Maun za Botswana, Windhoek na Swakopmund za Namibia, halafu Afrika Kusini: Cape Town, Durban, Johannesburg, tumalizie Pretoria. Miji 14, nchi tano ukiiacha yetu, miezi mitano. Anataka tuondoke tarehe 10 mwezi wa kumi. Anaiita safari ya polepole. "Hatukimbii, Mama Neema. Tutakaa."

Pesa ipo kiasi. Kutoka kwenye mkupuo wake na wangu, baada ya kumaliza bati na madeni, tumetenga milioni 18. Mwanetu Baraka anasema kwa hela hiyo tungejenga fremu mbili hapo mbele ya nyumba tukala kodi mpaka tunazikwa. Neema yuko Dodoma, ni mjamzito, anatarajia kujifungua mwezi wa kwanza, na ni uzazi wake wa kwanza. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu na tunavunja Desemba. Walimu wenzangu wamenicheka, eti mnaenda kutalii kama wazungu, nani atawalimia?

Ningekuwa sitaki kwenda nisingekuandikia. Mpaka wa nchi nimeuvuka mara moja tu, pale Namanga, mchana mmoja, nikarudi jioni. Akilala nalifungua lile kaunta buku nasoma majina ya miji. Siogopi wezi wala umbali, Shangazi. Naogopa chumba. Chumba kimoja, mlango mmoja, mimi na yeye, mahali nisipo na dada wa kumkimbilia wala shamba la kwenda kujifanya napalilia. Ukweli ni kwamba huyu mume simjui.

Sasa hivi yuko Ifakara anauza mpunga. Anarudi Ijumaa, na amesema Ijumaa anataka jibu.

Mama Neema, Kihonda

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naipokea, maana miaka ninayo.

Watu wengi wangesoma barua yako wakakujibu kuhusu milioni 18. Na mimi nitafika huko. Lakini nimesimama kwenye kopo la sukari. Nyumba hiyo umeijenga wewe, lenta umeisimamia wewe, geti unajua linavyolia. Baba Neema ameingia humo akiwa na miaka 60 kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko nyumbani, na mgeni wa namna hiyo ndiye anayehamisha vyombo. Anatafuta pa kushika. Wewe nawe kila akishika unaona amekunyang'anya. Hapo hakuna mwenye kosa, ila hakuna pia atakayepata raha, maana mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni. Livingstone nyote wawili mtakuwa wageni. Kopo la sukari halitakuwa na mahali pake mpaka mkubaliane. Huenda mkwe wangu ameliona hilo kabla yetu, akakosa maneno ya kulisema, akachora ramani.

Kwa hiyo sikwambii ukatae. Nakwambia lile kaunta buku halifai kama lilivyo.

Lisome tena. Siku 150 ukizigawa kwa miji 14 hupati hata siku 11 kwa mji. Ondoa siku ya kufunga mizigo, siku ya barabarani na siku ya kulala kwa uchovu, zinabaki nane. Siku nane ndizo zinazomtosha mtu kujua duka la mkate liko wapi, halafu anahama. Mumeo ameandika safari kama barua za uhamisho: ripoti Kasane, kabidhi ofisi, ripoti Maun. Simlaumu, ndivyo alivyoishi miaka thelathini na zaidi. Lakini hiyo si safari ya polepole. Na kila kuhama ni nauli, ni teksi za kupigwa bei ya mgeni, ni usiku wa kwanza kwenye gesti ya ghali kwa sababu mmefika usiku na hamjui pengine. Anayekaa mwezi mahali pamoja hukodi kwa bei ya mwezi, hupika, na wiki ya pili muuza nyanya anamjua.

Mimi ningebakiza makazi matatu: Mbeya, Livingstone na Cape Town. Namibia ningeiondoa bila huruma. Ni nchi nzuri, ila ni nchi ya mwenye gari. Toka Livingstone mpaka Windhoek, na toka Windhoek mpaka Cape Town, kila kipande ni zaidi ya kilomita 1,000, na mambo mengi ya kutazama yako mbali na njia ya basi. Botswana mpite tu. Durban na Pretoria zisubiri siku nyingine.

Umeona nimeweka Mbeya. Mtanicheka: ng'ambo gani inaanzia Mbeya? Hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo. Mwezi wa kwanza msivuke mpaka. Pandeni treni Ifakara kama anavyotaka, ipite Mlimba, ipande ile milima ya kuelekea Makambako alikochimba baba yake, mshuke Mbeya. Kodini nyumba ndogo ya vyumba viwili, mjini au Tukuyu, mkae wiki nne. Msifikie kwa ndugu! Ukifikia kwa ndugu utakuwa jikoni na mawifi, yeye atakuwa kibarazani na mashemeji, na hamtajua lolote kuhusu ninyi wawili. Kaeni peke yenu. Kuna Daraja la Mungu pale Kiwira, kuna mashamba ya chai, na bwana shamba hatakosa la kumpeleka Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Ila jambo kubwa ni kile chumba unachokiogopa. Mtakijaribu mahali ambapo ukishindwa, unapanda basi asubuhi na usiku uko Kihonda, umepoteza nauli ya basi tu. Mkishindana Mbeya, mmejua. Mkielewana, Tunduma iko palepale.

Nakuambia haya kwa sababu mimi na marehemu mzee wangu tuliwahi kwenda kwa mtoto Lusaka siku tisa, na siku ya nne tuligombana juu ya begi. Begi tu, nani alisema libebwe. Hatukuwa na pa kwenda, tukakaa sebuleni kwa mtoto tumenuniana kama wanafunzi waliowekwa kizuizini. Tungekuwa tumegombana kwanza mahali pa karibu, tungefika tumeshazoea.

Treni yenyewe ina jambo ambalo nadhani mumeo hakuliandika. Kwenye mabehewa ya kulala ya TAZARA wanaume hulala chumba chao na wanawake chumba chao, hata kama mna cheti cha ndoa mkononi. Mkitaka kulala pamoja inabidi mnunue chumba kizima, yaani vitanda vyote vinne vya daraja la kwanza, au vyote sita vya daraja la pili. Mwambie mapema asije akakasirika stesheni. Na kwa siri yetu, ningekuwa wewe nisingelipia hivyo vitanda vya ziada. Usiku mmoja na kina mama wa Makambako na vikapu vyao haujawahi kumdhuru mke wa mtu. Halafu ulizeni stesheni kwenyewe kama treni ya abiria inatembea na siku gani, maana imekuwa na tabia ya kusimama na kurudi. Msikate tiketi ya basi la mbele kabla hamjashuka.

Oktoba mkatalie. Hapo simama imara, na sababu unazo tatu. Neema anajifungua mwezi wa kwanza, ni uzazi wa kwanza, na hakuna maporomoko duniani yatakayokufariji ikiwa mwanao atatoka leba akamkuta jirani. Kaa naye mpaka arobaini ipite. Kikoba kivunjwe Desemba, hesabu uikabidhi kwa maandishi na mashahidi, usiache fedha za watu ukavuka mpaka. Ya tatu ndiyo itakayomshinda mkwe wangu, maana ni ya kitaalamu: Oktoba na Novemba ndiyo miezi mto Zambezi unapokuwa umeshuka kabisa. Yale maporomoko ya Victoria, pale Livingstone, yana upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu na kimo cha kama mita 108, lakini ukifika upande wa Zambia mwezi wa kumi unaweza kukuta mwamba mkavu na joto la kukausha mate. Maji hujaa kuanzia Februari, kilele ni kama Aprili, na Aprili yenyewe mvuke ni mwingi mpaka huoni kitu. Juni na Julai unaona maji na unaona jabali. Wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na wewe mwalimu hutahitaji kutafsiriwa hilo neno la kwanza.

Basi ondokeni mwisho wa Mei. Juni iwe Mbeya, na mbebe masweta. Julai mpaka katikati ya Agosti iwe Livingstone. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Septemba Cape Town, baridi na mvua za kule zikiwa zinaishia na maua yakianza kuchanua. Bwana shamba mpeleke bustani ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa 1913, umwache huko siku nzima. Siku nyingine nendeni Hermanus mkawatazame nyangumi mkiwa nchi kavu, miezi hiyo husogea karibu na pwani. Mkirudi Oktoba mnawahi kuandaa shamba. Ni miezi minne, si mitano, na utaona kwenye hesabu kwa nini.

Milioni 18 kwa siku 150 ni shilingi 120,000 kwa siku. Inapendeza, lakini hiyo ni hesabu ya watu wasiougua wala kuibiwa. Toa kwanza milioni nne: pasi za kusafiria za kielektroniki, ambazo ni 150,000 kila moja, chanjo, bima ya safari, na nauli ya dharura. Zinabaki 14. Kwa siku 120 ni kama 116,000 kwa siku, nauli zikiwa humo humo. Mbeya mtatumia nusu yake kama mnapika. Livingstone mtaishi vizuri. Cape Town itawabana, na kile mlichobakiza Mbeya ndicho kitakachowaokoa huko. Toka Livingstone mpaka Cape Town kupitia Johannesburg ni zaidi ya kilomita 2,500, msizipige kwa mkupuo mmoja mkiwa na miaka hiyo, lazeni viuno njiani.

Nauli ya dharura igaweni mara mbili. Yako iwe kwenye akaunti yako, kwa jina lako, na kadi iwe kwenye pochi yako. Yake vivyo hivyo. Sisemi utakimbia. Nasema mtu anayejua anaweza kuondoka hukaa kwa raha zaidi kuliko anayehesabu madirisha. Hata ugomvi wake unakuwa mfupi.

Sasa chumba. Msikodi chumba cha gesti kwa mwezi, kodini penye jiko na angalau pa kukaa pawili, hata kama ni mbali na mjini kidogo. Redio ya saa kumi mnunulie visikizio kabla hamjaondoka, ni zawadi nzuri kwa mstaafu. Siku moja kila wiki kila mtu ashike njia yake, bila kuulizana unaenda wapi, jioni mkutane mkiwa na la kusimuliana. Wewe Livingstone utakuwa na jumba la makumbusho, lililo kongwe kuliko yote Zambia, na soko la Maramba. Yeye atapata wakulima wa kubishana nao. Mkirudi mtakula nshima, ambayo ni ugali, na kapenta, ambao ni dagaa. Mwulize kama anajua kuwa hao kapenta wa ziwa Kariba walipandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1960. Mtu aliyekaa Sumbawanga na Mpanda atajidai wiki nzima.

Jambo jingine nimelifikiria nikatabasamu. Kiswahili kitawafikisha Nakonde, upande wa pili wa Tunduma. Baada ya hapo ni Kibemba, Kinyanja, Kitonga, na madirishani ni Kiingereza. Wewe umefundisha. Kama umefundisha Kiingereza hata darasa la tano, wewe ndiwe utakayesema na mwenye nyumba, na konda, na afisa wa uhamiaji. Mwanamume aliyezoea kuwa Bwana Afisa atasimama nyuma yako ameshika mabegi. Usimcheke mbele za watu. Mpe kazi ya hesabu za kila siku, aziandike kwenye kaunta buku, asijisikie mzigo.

Kuna mazungumzo ambayo wanaopanga safari ndefu huyakwepa, na ninyi mtayafanya mkiwa bado Kihonda. Miezi minne ni mirefu, watu watakufa. Kaeni chini mwandike majina: nani akifariki tunarudi wote, nani anarudi mmoja, na nani tutatuma rambirambi na kumpigia simu mfiwa. Inatisha kuandika jina la mama yako kwenye karatasi namna hiyo, najua. Lakini mkiwa Cape Town, simu imelia usiku, huyu analia na yule anahesabu nauli, hapo ndipo maneno yasiyofutika husemwa. Orodha ikiwapo, aliyepigiwa simu hahitaji kuomba ruhusa ya kuhuzunika. Muwaeleze na watoto, na yule kaka mkubwa ambaye kila ukoo unaye, wa kusema "wamekula raha wakati sisi tunazika". Na ikiwa mmoja wenu ndiye atakayefia huko? Soma bima yenu mpaka mwisho, uone kama inalipa kusafirisha mwili. Ndiyo, nimesema. Gharama hiyo ikiangukia kikundi cha simu cha familia, fremu za Baraka zitauzwa kabla hazijajengwa.

Karatasi zenyewe si ngumu. Kwa pasi yetu, Zambia, Botswana na Afrika Kusini hazitaki viza kwa matembezi, na Afrika Kusini ni siku 90 kwa mwaka. Ila kutokuhitaji viza si kupewa siku unazotaka. Soma muhuri ukiwa bado dirishani. Zambia wakiwaandikia siku 30, nendeni ofisi ya uhamiaji kuongeza kabla hazijaisha, msingoje siku ya mwisho. Kadi ya homa ya manjano mbebe hata asipoulizwa mtu. Dozi moja sasa ni ya maisha, ila kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo msiende kuchomwa asubuhi ya safari. Dawa za presha au sukari, kama mnazo, zikae kwenye pakiti zake na cheti cha daktari, na dawa za kikohozi zenye kodeini ziacheni nyumbani, Zambia hawana mzaha nazo. Malaria iko Livingstone kama ilivyo Morogoro, Cape Town haipo, kwa hiyo homa ikiwapata huko mwambieni daktari mmetoka wapi, la sivyo atatibu mafua. Kadi ya bima ya hapa nyumbani usiitegemee nje. Laini zenu za simu ziwekwe ziweze kupokea ujumbe ng'ambo, maana ujumbe wa benki hupita hapo, na laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Na mfuko wenu wa pensheni muulizeni uhakiki wa wastaafu ni lini, msije mkarudi mkakuta mmeshahesabiwa marehemu.

Kuhusu Afrika Kusini, watoto watakukumbusha ghasia dhidi ya wageni za 2008, 2015 na 2019. Hawatii chumvi. Kaeni eneo wanakoishi watu wa familia, ulizeni wenyeji wenu wa nyumba wapi pa kutopita, na jua likizama muwe ndani. Ndiyo faida nyingine ya kukaa mahali pamoja: wiki ya tatu mnajua njia zenu.

Baraka msikilizeni, halafu mwambieni fremu zitajengwa au hazitajengwa kwa pesa nyingine. Ana haki ya kutoa maoni juu ya mkupuo wenu, kura hana. Ila mpeni kazi: alale hapo nyumbani au atafute mtu wa kulala, na muwe na karatasi ya mwanasheria inayosema nani anaweza kufanya nini kwa niaba yenu, mpaka tarehe gani. Walimu wenzako waache wacheke. Uwaletee kapenta.

Sasa Ijumaa. Usimpe ndiyo wala hapana. Mpe chai kwanza, na kopo la sukari likae pale alipoliweka yeye. Kisha mwulize swali moja: "Tukiwa Livingstone, Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, unatuona tunafanya nini?" Unyamaze. Atakachojibu ndicho alichokuwa akikipanga miaka yote ile Mpanda, na huenda hakina uhusiano na Swakopmund. Akikuuliza wewe, mwambie habari za chumba. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, bila kulipamba.

Halafu leta lile kaunta buku mezani, mkae upande mmoja, mfute miji pamoja. Beba penseli na ufutio. Wewe ni mwalimu, nakujua: ile kalamu nyekundu iache kabatini.